Jalada Dogo Kama Ukucha

Ninacheza gemu za simu. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya wanafunzi, mbele ya padri, na mara moja kwa maandishi, katika makala ndefu iliyosema kwamba kizazi kinachotelezesha vidole juu ya kioo hakitatoa hata mwanafikra mmoja. Makala hiyo niliiandika kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto nilikuwa napanga matunda ya rangi moja ili yapasuke.

Aliyenifumania ni mdogo wangu wa kike. Tulikuwa kwenye kikao cha kupanga mazishi ya mjomba, nami nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, simu nimeilaza ndani ya Biblia, nimeinamisha kichwa kama mtu aliyezidiwa na huzuni. Aliketi kando yangu. Alinyoosha kidole polepole akanionyesha tunda la zambarau ambalo sikuwa nimeliona. Baadaye nilimwambia kwamba nilikuwa nafanya utafiti. Akaniuliza utafiti umefika ngazi ya ngapi.

Nimeanza na aibu hii kwa sababu bila hiyo mdogo wangu asingepata njia ya kunishinda, na gemu yake ingeingia sokoni ikiwa imevaa jalada nililolibuni mimi. Nasema jalada, ingawa duka la gemu la mtandaoni halina rafu wala kitabu. Lina safu za picha ndogo, moja baada ya nyingine, na kila picha ndiyo uso wa gemu moja. Mteja anashuka na kidole chake. Akipita, amepita.

Mdogo wangu alikuwa karani katika kampuni ya kupitisha mizigo forodhani, Busia ya upande wa Uganda. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta yale yaliyomo ndani ya malori: simiti, maharagwe, mitumba, sabuni. Mtandao wa forodha ukianguka, na huanguka kama mtoto anayejifunza kutembea, wenzake walitoka kwenda kunywa chai. Yeye alibaki akijifunza kutengeneza gemu kwa masomo ya bure. Siku moja aliandika barua ya kuacha kazi, akajifungia kwenye chumba chake nyuma ya saluni, na alipotoka alikuwa na gemu.

Mchezaji ni mbeba mayai. Ana baiskeli, na nyuma ya kiti amepanga trei za mayai kwenda juu, amezifunga kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka tyubu. Anatoka kwenye banda la kuku Masinya, kijiji cha upande wa Uganda, anakwenda dukani upande wa Kenya. Njiani kuna mashimo, mbuzi, foleni ya malori, na mhubiri mwenye kipaza sauti asiyeondoka barabarani. Kila tuta linaongeza kuinama. Unauegemeza mwili huku, unaurudisha kule, na mambo yakizidi unashusha mguu. Gemu yenyewe ndiyo hiyo. Mimi, mwenye shahada mbili za fasihi, nilimuuliza ina maana gani.

"Maana yake usiyaangushe, dada."

Duka la mtandaoni lilikuwa linaandaa maonyesho ya gemu mpya. Kwa mtu asiye na matangazo wala marafiki wakubwa, huo ndio mlango pekee, na nyuma ya mlango huo, mdogo wangu alikuwa na jambo lake zito. Mama yetu ni mwalimu mkuu mstaafu, anakaa Tororo, na bosi wa zamani wa mdogo wangu alikuwa mwanafunzi wake. Mpaka leo bwana huyo, mwenye kitambi na malori, akisikia sauti ya Mama kwenye simu husimama. Mama alimwamuru ahifadhi kile kiti cha karani mpaka maonyesho yaishe. Watu wakiipita gemu, binti anarudi kuhesabu magunia ya watu. Hakumuuliza binti. Binti naye hakukataa, kwa sababu kumkataa Mama ni kazi ya watu wenye makazi mbali.

Mdogo wangu aliniomba kitu kimoja tu: nimsaidie kuchagua jina fupi. Ni kama kumwomba mlevi akushikie chupa. Niliichukua kazi yote. Nilimwambia kwamba nimeandika kuhusu majalada ya vitabu, jambo ambalo ni kweli, na kwamba watu walisoma nilichoandika, jambo ambalo sina ushahidi nalo.

Kwanza nilimpa mhadhara kuhusu majalada ya gemu za wengine. Nilikuwa nayajua vizuri mno kwa mtu asiyecheza. Jitu lenye upara limepanua kinywa kama linang'olewa jino. Jitu jingine lenye upara, kinywa kile kile, kofia tofauti. Binti mwenye upanga unaomzidi uzito. Shujaa aliyesimama juu ya lundo la mifupa ambayo hatuambiwi ilikuwa ya nani. Nilimwambia hayo ni makelele ya watu wasio na la kusema, na kwamba sisi tutafanya kitu chenye hadhi.

Chenye hadhi kilikuwa hivi. Picha niliigawa katikati. Kushoto ni Uganda: lile jiwe la Tororo, kubwa kama mlima, limesimama, migomba chini yake, bendera. Kulia ni Kenya: mahindi, kipande cha ziwa ambacho kwa kweli hakionekani kutoka hapo, bendera. Hili ni kosa ambalo tunalifanya sisi watu wa mpakani tu. Mama yetu ni Mganda na baba alikuwa Mkenya, kwa hiyo tuna ndugu pande zote mbili na hatuaminiki upande wowote. Harusi zetu zina washereheshaji wawili. Hotuba zetu zinawasalimu marais wawili kabla ya kumsalimu bwana harusi. Tumezoea kupima kila kitu kwa mizani ili asinune mtu, na nilipopewa nafasi ya ukubwa wa stempu, nilianza kwa kuwagawia ndugu.

Katikati, juu ya mstari wa mpaka, nilimweka mwanamke mweusi kama kivuli, ametupa mgongo, anaangalia mbali. Kwenye majalada ya watu wazito daima kuna mtu aliyetupa mgongo. Akigeuka utagundua hana anachofikiria, ndiyo maana hageuzwi. Jua linazama, bila shaka. Jina la gemu nililiandika kwa herufi nyembamba zenye adabu: *Mayai ya Mpakani: Hadithi ya Jasho, Matumaini na Mipaka ya Moyo*.

"Na mayai?" mdogo wangu aliuliza.

Nilimwonyesha kikapu miguuni pa yule mwanamke. Nilimweleza kwamba mayai yapo kama ishara.

Alichora kila kitu nilichotaka, kwa utulivu ule ule aliotumia zamani kuwajazia fomu madereva wakaidi. Mkubwa ni mkubwa. Halafu akasema twende getini tukamwonyeshe mtu.

Karibu na geti la mpaka kuna jamaa anayebadilisha pesa, mwenye benchi lake na mwavuli wake, ambaye amemjua mdogo wangu tangu enzi za forodha. Mdogo wangu alimpa simu yenye picha yetu. Jamaa alikunja macho, akaisogeza mbali, akairudisha karibu.

"Hii ni ya kubadilisha pesa, si ndiyo? Naona bendera mbili. Leo mnatoa shilingi ya Kenya kwa ngapi?"

Nilimfahamisha kwamba ni gemu. Aliangalia tena kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa mtoto asiye mzuri.

"Sawa. Na huyu mama anangoja gari?"

Njiani nilimwambia mdogo wangu kwamba yule si mlengwa wetu. Mlengwa ni neno zuri sana. Msomi hulitumia kumwondoa hesabuni yeyote ambaye hakupendezwa.

Baada ya siku chache nilikwenda kwake kunywa chai. Alinipa simu yake, ukurasa wa duka la gemu uko wazi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akimimina maziwa, "Dada, chagua moja nikuwekee, usichoke huko nyumbani na utafiti wako."

Nilijifanya nasita. Kisha kidole gumba changu kikaanza kazi yake ya miaka. Kilishuka, kikashuka, hakikuniuliza chochote. Kilipita jitu lenye upara, kikapita majumba yanayoungua, kikapita mambo mengine sijui nini, kikasimama kwenye paka mnene aliyeshika panga.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Paka."

"Na kabla ya paka?"

"Takataka."

Alichukua simu mkononi mwangu na kuurudisha ukurasa juu taratibu. Kabla ya paka kulikuwa na doa la kahawia lenye mstari katikati, kama ukucha uliogongwa na nyundo. Chini ya doa kulikuwa na msururu wa sisimizi. Sisimizi wale walikuwa jasho, matumaini na mipaka ya moyo. Alikuwa ameipachika picha yetu katikati ya zile za duka, kwa ukubwa ule ule ambao wateja wangeiona, na mimi mwenyewe, mama mzazi wa picha hiyo, nilikuwa nimeipita kama mzigo wa mtu mwingine.

Nilimwambia kwamba niliiona, ila niliipita makusudi ili nisijipendelee. Nina kipaji cha kukana. Nimekisomea.

Alinisindikiza mpaka getini. Malori yalikuwa yamejipanga upande mmoja, na kwenye nafasi iliyobaki palikuwa na watu, bodaboda, na wabeba mayai wenyewe, wale wa kweli, wanaovuka kila siku bila kujua kwamba wametiwa ndani ya gemu. Mmoja wao alikuja akitokea upande wa Uganda, trei zimepanda juu kuliko kichwa chake. Gurudumu la mbele likaingia kwenye ufa wa lami. Trei zikainama.

Ambaye hajaishi Busia hajui kinachotokea hapo. Barabara nzima inanyoosha mikono. Wabadilishaji pesa, wachukuzi, dereva aliye juu ya lori, mwanamke aliyekuwa anagombana na mwanamke mwenzake, wote mikono mbele, vidole wazi, hakuna anayepumua. Na hakuna anayecheka. Kucheka kabla ya mguu wa mbebaji kugusa chini ni mkosi, na atakayecheka ataambiwa ndiye aliyeyavunja. Trei zikazidi kuinama. Yai moja la juu likatoka, likaning'inia hewani kwa muda ambao ningeweza kuandika sura nzima. Kisha jamaa akashusha mguu. Mchukuzi mmoja akaegemeza kiganja kwenye trei, mzigo ukarudi mahali pake, na yai lile moja likapasuka barabarani peke yake.

Hapo ndipo kicheko kilipofunguliwa. Mtu alimuuliza mbebaji kama amebeba mayai ama amebeba bibi ya mtu. Mchukuzi alipewa yai lake, kwa kuwa ndivyo desturi ilivyo: aliyeweka kiganja hupewa yai na haruhusiwi kukataa. Kisha wakanigeukia mimi. Nilikuwa upande wa pili wa barabara kabisa, mkoba wangu wa vitabu nimeutupa kwenye dimbwi, mikono yote miwili bado iko juu.

"Mama," dereva wa lori aliniita, "wewe ulikuwa unayadakia kutoka wilaya gani?"

Mdogo wangu peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama, mimi na mikono yangu.

"Hivyo," alisema.

"Hivyo nini?"

"Ndivyo nataka mtu akae akiiona picha yangu."

Alichora nyingine. Hakukuwa na jiwe la Tororo. Bendera ziliondoka, jua likaondoka, na yule mwanamke mwenye fikra akapelekwa kungojea gari lake kwingine. Palibaki mbebaji, shingo ameigeuza nyuma na juu, macho yamemtoka. Palibaki rundo la trei lililoinama kutoka kona ya chini hadi kona ya juu, likikata picha nzima. Nyuma yake palikuwa na wekundu mtupu wa udongo wetu, na juu ya wekundu huo yai moja jeupe, limeshatoka, halijafika chini. Neno lilikuwa moja, MAYAI, herufi nene, nazo zimeinama pamoja na trei. Aliipunguza mpaka ikawa kama ukucha. Yai lilibaki. Kuinama kulibaki.

Ningesema niliguswa, lakini nimeahidi kuungama, siyo kujipamba. Nilichukia. Nilimuuliza mpaka uko wapi. Nilimuuliza mapambano ya mwanamke yako wapi. Nilimwambia picha yake ni ya kitoto, haina tabaka, na kwamba msomaji anahitaji kuachiwa nafasi ya kutafakari. Alinijibu kwamba mtu hatafakari huku yai linaanguka. Nilimwambia hiyo ni kauli ya soko. Akasema ndiyo, tunaipeleka sokoni.

Tukabishana mpaka siku ya mwisho ya kupeleka picha dukani. Baada ya hapo hairuhusiwi kubadilishwa mpaka maonyesho yaishe, na maonyesho yakiisha kuna kile kiti. Hatukuwa na mtu wa kutuamua. Marafiki zangu wangesema yangu na marafiki zake wangesema yake. Tulimhitaji mtu anayetudharau kwa kiwango sawa, na katika eneo lote kutoka Busia mpaka Tororo mtu huyo ni mmoja.

Asubuhi tulimtumia Mama picha zote mbili kwenye simu yake ndogo yenye ufa, bila neno lolote. Mama hajibu ujumbe. Anasema mtu akiwa na jambo atalisema kwa mdomo aliopewa na Mungu. Tukakaa. Saluni ya mbele ilikuwa na redio, na wateja walikuwa wanamsema mtu. Mdogo wangu alileta chapati zilizokunjiwa mayai, hakuna aliyezigusa. Alikuwa amefungua ukurasa wa kupakia picha, akaufunga, akaufungua tena. Nilimwona akiangalia kona ya chumba ambako bado kuna sare yake ya ofisini, imetundikwa kwenye msumari, imepigwa pasi. Sikuwahi kumuuliza ni nani aliyeipiga pasi. Kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze niliona kwamba nilikuwa nagombania jina langu, na yeye alikuwa anagombania siku zake zote zilizobaki. Hilo halikunifanya ninyamaze. Nilimkumbusha kwamba picha yangu ina jiwe la Tororo, na Mama analipenda.

Jioni simu ililia. Mdogo wangu aliiweka kwenye sauti kubwa, juu ya meza, kati ya zile chapati.

"Mko wote wawili?"

"Tupo, Mama."

"Hiyo ya kwanza ni tangazo la mkutano wa injili. Nilishawaambia hao watu siendi. Wanapiga kelele mno."

Mdogo wangu hakunitazama. Ni wema ambao sijamsamehe.

"Na ya pili, Mama?" niliuliza.

Kwanza ulisikika mlio wa sufuria ikifunikwa.

"Huyu wa mayai," Mama alisema. "Nyinyi mmemwacha hivi tangu asubuhi?"

"Ni picha tu, Mama."

"Najua ni picha, Profesa, nani alikufundisha kusoma? Nimeiweka simu kabatini nikaenda shambani. Nikarudi kumwangalia. Bado. Nikaiinamisha simu upande wa pili, labda yatarudi. Bado. Nimeshindwa hata kula. Kwa nini hashushi mguu?"

"Anashusha, Mama," mdogo wangu alisema. "Ndani ya gemu yenyewe. Ukimgusa, anashusha."

Mama alivuta pumzi kwa pua, namna alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kumrudishia mtoto daftari lake.

"Nimempigia yule mwanafunzi wangu. Nimemwambia kile kiti ampe mtu mwingine. Mtu anayewaza mayai hivi atampitishia lori la simiti kwa jina la maharagwe, halafu watauliza alifundishwa na nani."

Mdogo wangu alifunika mdomo kwa kiganja asilie kwa sauti. Kwa mkono mwingine akaivuta kompyuta karibu, akapakia picha yake, bila kuniuliza.

"Na acheni kunililia, mnamaliza chaji yangu," Mama alisema. "Niambieni namgusa wapi."